Peperomia yako inanyauka? Gusa udongo kabla ya kushika kopo la maji

SAME: Jani limelegea, jua la Same linajulikana, na kopo la maji liko karibu. Mwenye ua anamwagilia. Kesho yake jani limelegea zaidi, anamwagilia tena. Baada ya wiki mbili shina linakatika usawa wa udongo, na habari inayobaki nyumbani ni kwamba ua lilikufa kwa ukame.

Mara nyingi halikufa kwa ukame. Lilizama.

Hilo ndilo tatizo kubwa la peperomia, ule mmea mfupi wa ndani wenye majani manene unaowekwa mezani, juu ya friji au kwenye kaunta ya saluni. Dalili ya kiu na dalili ya maji kuzidi zinafanana sana, na katika mji mkavu kama Same kila mtu hukimbilia kudhani ni kiu. Kuzitofautisha kunahitaji vidole tu, wala huhitaji kununua kitu.

Ndugu wa pilipili manga

Peperomia ni jamaa moja na pilipili manga na tambuu. Hata jina lake, lililotolewa mwaka 1794, maana yake ni "inayofanana na pilipili". Ziko aina zaidi ya 1,000 duniani, nyingi zikiwa za Amerika ya Kati na Kusini, lakini Afrika nayo ina zake chache, zikiwemo zinazoota porini kwenye misitu ya milima ya Afrika Mashariki.

Zinavyoota huko porini ndiyo sehemu ya kuangalia. Nyingi hazikai ardhini. Hukaa juu ya magome ya miti yenye kuvu na ukoka wa kijani, au kwenye nyufa za mawe, kivulini. Hazinyonyi mti; zimejishikiza tu. Mizizi yake ni michache na mifupi, kazi yake kubwa ni kushika. Mvua ikinyesha, maji hupita na kwenda zake. Ukungu ukija, mmea unapata unyevu kidogo. Hakuna wakati mizizi hiyo inakaa kwenye tope.

Sasa chukua mmea huo, uuweke kwenye chungu kizuri cha plastiki kisicho na tundu chini, ujaze udongo mzito wa bustani, umwagilie kila asubuhi. Umeutoa juu ya mti ukauweka bwawani.

Na mambo ya bwawa Wapare wanayajua. Milimani kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya asili yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yaende mashambani kwa zamu. Jani la peperomia ni ndiva ya mmea wake. Chini ya ngozi ya juu ya jani kuna tabaka la seli zisizo na rangi, kazi yake ni kutunza maji. Udongo ukikauka, tabaka hilo hulipa maji tabaka la kijani linalotengeneza chakula. Jani linakuwa jembamba, linalegea kidogo, lakini mmea unaendelea kuishi. Ndiyo maana peperomia inaweza kusahauliwa wiki nzima na zaidi isife. Mizizi yake, kwa upande mwingine, ikikosa hewa kwa siku chache tu inaanza kuoza.

Jani na udongo, vyote viwili

Kipimo ni hiki. Shika jani moja la katikati, si la chini kabisa wala changa la juu, ulikunje taratibu sana. Jani lenye maji ni gumu, linakataa kukunjika. Lenye upungufu linakunjika kama ngozi laini. Kisha ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, au tumia kijiti cha mishikaki: kichomeke hadi chini, subiri dakika tano, kichomoe. Kikitoka na rangi nzito na chembe za udongo, chini kuna maji.

Jani limelegea na udongo umekauka: hapo ni kiu kweli. Usimwage maji kwa juu kwa haraka, kwa sababu udongo uliokauka sana, hasa wenye nyuzi za kumbi la nazi, huyakataa yakapita pembeni. Weka chungu kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole vitatu, dakika 20 hadi 30, kisha kitoe kichuruzike. Kesho yake majani yatakuwa yameanza kusimama.

Jani limelegea na udongo umelowa: hapo ndipo penye hatari. Maji yapo, ila mizizi haiwezi tena kuyapandisha. Kila kopo utakaloongeza linamalizia kazi.

Jani gumu na udongo umekauka juu tu, tulia. Ndiva bado imejaa. Kwa mazingira ya ndani mjini Same, wengi watajikuta wanamwagilia mara moja kwa siku saba hadi kumi wakati wa joto, na kwa nafasi kubwa zaidi Juni na Julai. Lakini usiishi kwa kalenda. Chungu kidogo cha udongo wa kufinyanga kilicho karibu na dirisha kinakauka mapema kuliko kikubwa cha plastiki kilicho kwenye kona.

Ukikuta imeoza

Majani ya chini yanageuka njano na kudondoka kwa kuguswa. Shina karibu na udongo limekuwa jeusi au la kahawia, laini ukilibonyeza. Ukisogeza pua unasikia harufu ya tope lililokaa.

Wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba hawahitaji maelezo marefu hapa. Tangawizi iliyokaa kwenye maji yaliyotuama huoza tunguu, na vimelea vya jamii ya Pythium, ambavyo huozesha tangawizi, ni miongoni mwa vile vile vinavyomaliza mizizi ya peperomia. Vinapenda udongo uliolowa usio na hewa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuondoa maji.

Toa mmea wote kwenye chungu leo hii, usisubiri Jumamosi. Kung'uta udongo. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na imekaza. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Kata yote iliyooza kwa wembe uliofutwa na spiriti, na ufute tena kila unapohamia sehemu nyingine. Ikiwa weusi umepanda kwenye shina, kata juu yake mpaka uone ndani pakiwa kijani safi, bila duara la kahawia.

Kama mizizi imebaki, panda kwenye chungu kidogo chenye udongo mpya na ukae siku nne au tano kabla ya kumwagilia. Kama hakuna mzizi uliobaki, usikate tamaa: kipande cha juu kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, halafu kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo sana. Peperomia ni nyepesi kutoa mizizi. Udongo wa zamani umwage nje, usiurudishe kwenye chungu kingine cha ndani, na chungu chenyewe kioshe kwa sabuni na maji ya jiki kisha ukisuuze.

Kuhusu chungu, ukubwa unadanganya. Watu humhamishia mgonjwa kwenye chungu kikubwa "apate nafasi". Chungu kikubwa kina udongo mwingi, udongo mwingi unashika maji mengi, na mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Kipana kuliko mizizi kwa vidole viwili kinatosha. Vyungu vya kufinyangwa, kama vile vya akina mama wa Usangi kule Pare ya Kaskazini, vina faida kwamba kuta zake zinapitisha hewa na unyevu. Ila viwe na tundu chini. Kama unapenda lile kopo la urembo lisilo na tundu, sawa, tumia kama gamba la nje: mmea ukae kwenye kopo lake lenye matundu, utolewe wakati wa kumwagilia, urudishwe ukishachuruzika.

Udongo wenyewe uwe mwepesi. Nusu iwe mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa. Nusu nyingine iwe vitu vinavyoachia maji: mchanga mnene wa korongoni uliooshwa mpaka maji yatoke safi, chenga za mkaa, nyuzi za kumbi la nazi ukizipata. Mwagia maji: yakituama juu kwa zaidi ya dakika moja, ongeza mchanga na mkaa. Samadi mbichi usiweke hata kidogo. Inaunguza mizizi.

Mjini si mlimani

Wilaya ya Same ina hali ya hewa zaidi ya moja, na mmea mmoja huugua tofauti kulingana na unapokaa. Mji wa Same uko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, kwenye upande wa milima unaonyimwa mvua. Juu yake, ndani ya msitu wa Chome, kilele cha Shengena kinafika mita 2,462, na mawingu hukwama huko wakati mjini vumbi linaruka.

Anayeishi mjini atakutana zaidi na kuungua. Mabaka makavu ya rangi ya kahawia au nyeupe iliyopauka, yakiwa upande ule tu unaotazama dirisha, ni jua. Jani lililoungua haliponi. Sogeza mmea, acha majani mapya yaje. Hapa ushauri wa video za Ulaya unapotosha watu kweli kweli. Wao husema dirisha la kusini ndilo lenye jua kali. Same iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki ndipo linakuwa kusini. Dirisha lililokuwa salama Januari linaweza kuunguza majani Julai. Dirisha la magharibi ndilo baya kuliko yote mwaka mzima, kwa sababu linaleta jua la saa tisa alasiri wakati nyumba ya bati imeshapata moto. La mashariki lenye pazia jepesi linafaa.

Anayeishi juu, tuseme Mbaga, Suji au Mamba, ana tatizo jingine. Wakati wa baridi na ukungu, upande wa chini wa majani hutokea vipele vidogo vya maji, ambavyo baadaye hukauka kama gamba la kizibo. Vinatisha, vinaonekana kama ugonjwa wa kuambukiza, na watu hukimbilia dawa. Kumbe si maambukizi. Mizizi inaleta maji mengi kuliko jani linavyoweza kuyatoa kwenye hewa iliyojaa unyevu, seli zinavimba na kupasuka. Punguza maji, sogeza mmea panapopita hewa. Na usiuache barazani usiku wa Julai: joto likishuka chini ya nyuzi 10 majani huanza kuharibika.

Weupe wa aina tatu

Ukiona kitu cheupe kwenye peperomia, usitumie dawa kabla ya kujua ni weupe upi.

Weupe kama pamba, kwenye kona ambako kikonyo cha jani kinaungana na shina, ni wadudu. Wataalamu wa kilimo huwaita vidung'ata. Wananyonya utomvu, wanaacha majimaji yanayonata, na sisimizi huja kuyafuata. Ukiona msururu wa sisimizi ukipanda chunguni, kagua. Watoe mmoja mmoja kwa pamba ya masikioni iliyochovywa kwenye spiriti. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba kwa mwezi mmoja, maana mayai hayafi yote mara ya kwanza. Mgonjwa atengwe na mimea mingine.

Weupe wa chembe ngumu zinazong'aa juu ya jani, zimepangika kama nukta, huenda ni chumvichumvi tu. Peperomia ina vitundu vidogo kwenye majani vinavyotoa maji ya ziada, yakikauka yanaacha madini. Futa kwa kitambaa chenye maji. Basi.

Weupe wa ukoko juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, ukiambatana na ncha za majani kukauka, ni chumvi ya maji au ya mbolea iliyolundikana. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, hili litakupata mapema au baadaye. Kwangua ukoko, kisha pitisha maji mengi ya mvua kwenye chungu yatoke chini, mara mbili au tatu, uache kichuruzike. Vuli na masika, kinga madumu mawili matatu ya maji ya mvua kwa ajili ya maua tu; mmea huu hautumii mengi.

Wadudu wengine wawili tumalizane nao haraka. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinakuambia udongo hauwahi kukauka, acha ukauke. Utando mwembamba kama wa buibui na majani yenye nukta nyingi zilizopauka ni utitiri mwekundu, yule yule wa kwenye nyanya, anayependa joto na hewa kavu ya mjini. Osha majani juu na chini kwa maji yanayotiririka, kisha maji ya sabuni ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Jaribu kwenye jani moja kwanza, ukae siku nzima. Aina zenye mikunjo huharibika kirahisi zaidi.

Na vile vijiti vyembamba kama mkia wa panya vinavyochomoza juu ya majani? Hayo ni maua. Wengi huyakata wakidhani ni ugonjwa.

Pete zisizopona

Kuna tatizo moja ambalo halina dawa. Majani yanatoa mchoro wa pete, duara ndani ya duara, za njano au kahawia, majani mapya yanajipinda na mmea unadumaa. Hizo ni dalili za virusi; kirusi kinachojulikana kwa hili ni kile cha batobato ya matango, ambacho hushambulia pia nyanya na mboga nyingine nyingi. Vidukari hukibeba, na kisu chenye utomvu hukibeba pia. Mmea ukiwa nacho, hata kipandikizi chake kitakuwa nacho. Uchome au uufukie, mapema. Mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba asijaribu kuuhurumia.

Sumu ya nyanya ibaki shambani

Hili ni zito kuliko ua lenyewe. Nyumba nyingi za wilaya hii zina chupa ya dawa ya shambani iliyobaki msimu uliopita, na kuchovya kidogo ili kuua wadudu wa ua la sebuleni kunaonekana ni jambo dogo. Sebule haina upepo wa shamba. Sumu inatua kwenye kochi, zulia na meza ya chakula, na watoto wanaotambaa wanaigusa na kuipeleka mdomoni. Viuatilifu husimamiwa nchini na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kila kimoja kinatakiwa kutumika kama lebo inavyosema. Kama lebo inasema nyanya au kahawa, haisemi sebule. Kuhamishia kiasi kwenye chupa ya soda ni hatari zaidi, na kwa mmea ambao wadudu wake wanatoka kwa spiriti na sabuni hakuna sababu ya kufika huko.

Peperomia yenyewe haina shida nyumbani. Shirika la ASPCA la Marekani linaziweka peperomia zinazofugwa ndani kwenye orodha ya mimea isiyo na sumu kwa paka na mbwa.

Jani la akiba

Wakati mmea bado mzima, tengeneza wa pili. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, kiache kikauke kwa saa kadhaa, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi hutokea chini yake. Kama yako ina majani ya rangi mbili, kata kipande cha shina chenye majani badala ya jani peke yake, la sivyo watoto wanaweza kutoka kijani kitupu.

Akiba hiyo isitafutwe msituni. Chome ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na mimea ya juu ya miti huko si ya kung'oa. Halafu iliyozoea ukungu wa Shengena ikishushwa mjini haidumu.

Kwa anayenunua mche barabarani, kazi ni ya dakika mbili. Inua kopo: likiwa zito sana limejaa maji. Tazama chini kama lina matundu. Bonyeza shina usawa wa udongo, likunje jani moja, chungulia kwenye kona za vikonyo kama kuna pamba. Muulize muuzaji mara ya mwisho alimwagilia lini, na ukifika nyumbani usiumwagilie siku hiyo.